Kengele Yenye Kigugumizi

Alilala chini ya meza yangu ya kukatia
usiku wa Jumapili, vuli ikipiga bati,
na asubuhi bado yupo:
kamba ya katani shingoni, imekatwa kwa meno,
matope mekundu mpaka tumboni.
Matope ya Ngamiani si mekundu.
Hilo nililiona mapema, nikalinyamazia.

Mashavu wa chumba cha uani akasema, toa najisi hiyo.
Nikamwambia maji yapo, udongo upo,
na kuhesabu mpaka saba sijasahau.
Nikamwaga vifungo,
nikamtilia uji kwenye bakuli lao la bati.

Balozi akaja na daftari:
Dume au jike? Ana cheti cha chanjo? Ameng'ata mtu?
Dume. Sijui. Bado.
Akaandika "bado".
Akasema Alhamisi watu wa jiji wanapita na bunduki,
na asiye na mwenyewe hana wa kumsemea.

Basi nikatafuta jina lake.
Simba, nikaita. Akapiga miayo.
Popi. Jeki. Bosko. Chui.
Riziki, mjukuu wangu, akaleta ya kwake:
Waziri, Sajenti, Pilau, Kisamvu.
Kwa Kisamvu alitutazama kidogo, kama anatuonea huruma,
kisha akarudisha kidevu juu ya miguu.

Tukaandika kwenye ubavu wa boksi la sabuni
MBWA KAONEKANA, ULIZA KWA FUNDI CHEREHANI,
tukatundika kwa muuza mkaa.
Kijana mmoja akaja mbio: wangu huyo.
Mwite, nikamwambia.
Akaita, akapiga mluzi, akapiga magoti.
Mbwa akahamia upande wa pili wa kiti changu.

Lakini kengele ya baiskeli ikilia nje
masikio yalisimama kabla ya mwenyewe kusimama.
Na mji wenyewe Tanga!
Kengele ya muuza mkate, ya fundi bomba,
ya binti anayewahi shule Usagara,
ya mzee anayeipiga kwa sababu anayo.
Kila moja alikwenda nayo mpaka kizingitini,
akaipima,
akarudi,
kama mtu mbele ya ubao wa matokeo,
kidole kinashuka, kinashuka, jina halimo.

Jumatano jioni nina sare kumi na mbili za watu,
mguu hautoki kwenye pedali.
Akaanza kulia. Si kubweka,
sauti nyembamba, uzi unapita tundu la sindano.
Nyamaza, nikasema.
Akauma pindo la kanga yangu, akavuta.
Nikasimamisha gurudumu nimgombeze

na ndipo nikaisikia,
huko Barabara ya Kumi na Sita, labda ya Kumi na Saba:
krr, tin. Krr, tin.
Kengele yenye kigugumizi,
inajaribu mara mbili kusema mara moja.
Siku tatu ilikuwa inapita.
Siku tatu cherehani yangu ilikuwa inaimeza.

Sikumfungulia mlango. Alipita dirishani.

Semboja, muuza maziwa, katoka Pongwe,
matairi yana matope yale yale.
Madumu mawili nyuma, maziwa yameganda, hakuuza hata kikombe.
Alianzia Barabara ya Kwanza, akisukuma, akipiga,
akifika mwisho anaanza upya.
"Kuandika tangazo sijui," akasema,
"na yeye kusoma hajui."

Nikamuuliza, anaitwa nani huyu?
Akamtazama mbwa, mbwa akamtazama.
"Hana jina. Siku moja alinifuata njiani tu.
Nikasema nisimpe jina, mwenyewe atakuja."
Lini hiyo?
"Mwaka wa sita huu."

Wakaenda zao, na kamba akaniachia.
Bakuli nimelisugua: sita kwa maji, moja kwa udongo.
Vifungo bado viko kwenye mfuko wa karatasi.
Kila kengele ikipita nainua mguu,
nasikiliza mpaka ipite,
na sare za watu zinachelewa.